Rafu ya Kuuliza

Shangazi alipoingia jikoni saa kumi na mbili asubuhi alimkuta Kiherehere amekaa kwenye stuli, viatu vimefungwa kamba, mkoba begani, na mwilini bado amevaa gauni la kulalia.

"Unakwenda kufundisha na hilo?" shangazi akauliza.

Kiherehere akajitazama, akacheka mpaka akashika meza. Alikuwa ameanzia miguuni kwa sababu miguu ndiyo iliyokuwa na haraka.

Jina hilo alipewa kazini, na wala halikumuudhi, maana kiherehere anacho kweli. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na ulemavu wa akili aliozaliwa nao, na katika miaka yote hiyo, kila aliyesimama mbele ya chumba kufundisha alikuwa mtu mwingine. Yeye alikaa kwenye kiti. Leo zamu ilikuwa yake. Saa nne kamili, mbele ya wenzake wa kituoni na ndugu zao, angefundisha somo la pombe na dawa za kulevya, nusu saa nzima, peke yake. Alikuwa na tamaa moja tu, na hiyo aliyeijua ni shangazi peke yake: kabla nusu saa haijaisha, mtu amwite mwalimu. Hata mmoja angetosha.

"Na asipotokea?" shangazi akamchokoza huku akimpigia blauzi pasi.

"Utaniita wewe."

"Mimi sihesabiki. Mimi ni ndugu yako, nitakuita hata daktari ukitaka."

Kituo chao, cha kazi kwa watu wenye ulemavu wa akili, kilikuwa na chumba kikubwa cha kufulia. Humo walifua makoti ya wapishi wa hoteli, sare za walinzi na mashuka ya zahanati. Mashine zilikuwa nne, moja mbovu tangu inunuliwe, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukunjia. Msimamizi aliitwa Mama Pasi, mwanamke mfupi asiye na masihara, aliyeweza kunyoosha kola kwa kuitazama tu. Wengi wa wafanyakazi wake hawakujua kusoma, kwa hiyo kila nguo ilishonewa lebo yenye jina na alama: kijiko kwa mpishi, funguo kwa mlinzi, sindano kwa muuguzi. Nguo yenye lebo iliingia kwenye kikapu cha mwenyewe. Nguo isiyo na lebo haikuingia kikapu chochote. Iliwekwa kwenye rafu ya bluu ukutani, na rafu ile iliitwa rafu ya kuuliza.

Mama Pasi alikuwa na sheria mbili, na ungezivunja ungemsikia mpaka uani. Ya kwanza, usikisie mwenye nguo, uliza. Ya pili, lebo haishonwi mpaka mwenye nguo ajulikane. Koti la mpishi mkuu liliwahi kukaa kwenye rafu siku mbili, mwenyewe akipiga simu kwa hasira, na Mama Pasi hakutikisika.

Somo lenyewe lilianza kwa ajili ya Kofia. Kofia alikuwa mwenzake Kiherehere kwenye meza ya kukunjia, pande la mtu, mpole kiasi cha kuwaomba radhi nzi, na kofia yake ya sufu haikutoka kichwani jua liwake mvua inyeshe. Alikuwa pia na kifafa. Karibu na kituo palikuwa na kibanda cha vinywaji, na wanaume wa pale, ambao kwa maoni yangu walistahili kufuliwa kwa maji ya moto, waligundua kuwa Kofia akipewa bia mbili anacheza. Wakawa wanamnunulia ili wacheke. Pombe na dawa ya kifafa havipatani, na siku moja Kofia alianguka palepale kibandani na kulazwa zahanati siku tatu. Mama yake ndiye aliyekuja kumwomba mkuu wa kituo, karibu kupiga magoti, kwamba watu hawa wafundishwe.

Basi akaletwa mtaalamu. Alikuja na suti na kompyuta, akaonyesha ukutani picha za maini, akasema "uraibu" na "athari za muda mrefu" hadi nusu ya chumba ikalala. Mwishoni, alipoona hafiki popote, akafupisha: mtu akikupa pombe, sigara au kidonge, nyoosha mkono, sema hapana. Hilo likaeleweka mara moja. Watu wakaamka, wakanyoosha mikono, wakasema hapana mpaka madirisha yakaitikia. Mtaalamu akafurahi, akaondoka, akaacha agizo kwamba mmoja wao awe anawafundisha wenzake. Mikono ilikuwa haijashuka vizuri na Kiherehere alikuwa ameshasimama.

Wiki mbili alijifua kwa ajili ya siku ile. Mazoezi aliyafanya na Kofia, hapo mezani, mashine zikiunguruma. Walianza na bia na sigara, na juzi akachukua vifungo vyeupe vilivyokatika kwenye makoti akavifanya vidonge.

"Chukua kimoja tu, rafiki yangu."

"Hapana."

"Sauti hiyo ya kuombea chumvi. Tena. Hata nikikubembeleza. Hata nikilia."

"Hapana," alisema Kofia, mkono umenyooka, na Kiherehere alimpigia makofi. Ni siku moja tu waliyokosa mazoezi, Jumatatu ya wiki iliyopita, kwa sababu Kofia alilala juu ya rundo la mashuka tangu asubuhi hadi mchana, na walimtania juma zima kwamba ameoa mto.

Leo Kiherehere alifika saa mbili kasorobo, blauzi inanukia pasi. Alipanga viti. Akavipanga upya. Alikuwa akivipanga mara ya tatu, Mama Kofia alipoingia akimvuta mwanawe mkono, na uso wake haukuwa wa mgeni mwalikwa.

"Mkuu yuko wapi?"

Mkuu wa kituo akatoka ofisini akifuta miwani. Alikuwa mtu mwema lakini mwoga wa kelele, na alipopata wasiwasi miwani yake haikukauka.

"Mwanangu hajanywa dawa ya kifafa tangu jana," alisema Mama Kofia. "Jana asubuhi, hapana. Jana jioni, hapana. Leo, hapana. Na mkono huu hapa usoni kwangu, mimi niliyemzaa. Nilikuomba umfundishe kukataa bia, wewe umemfundisha kunikataa mimi."

"Kofia, baba, kunywa dawa," mkuu akabembeleza.

Kofia akanyoosha mkono. "Hapana," akasema, kisha akamtazama Kiherehere akitabasamu, akisubiri makofi yake.

Kiherehere akautazama mkono ule ulionyooka. Hapo ndipo alipoona walichokifanya, yeye na vifungo vyake. Kidonge ukipewa, sema hapana. Hata wakikubembeleza. Hata wakilia. Kofia hakukosea neno hata moja.

Mkuu alimpigia simu nesi wa zahanati, ambaye alikuwa njiani, kwani siku hiyo ndiyo ya kuleta dawa za mwezi. Nesi alisema bila kupindisha maneno: mwisho ni saa sita mchana. Ikifika saa sita hajanywa, apelekwe hospitali, asisubiriwe aanguke. Mkuu akaweka simu, akafuta miwani.

"Tufanye hivi. Wageni tuwape chai, tuwaonyeshe mashuka, waende salama. Somo tunalifunga."

"Kosa si lake," Kiherehere akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga. "Amefanya tulivyomwambia. Waliokosea ni sisi. Mimi ndiye niliyemfundisha, nipe nimfundishe tena."

"Binti yangu, hili si jambo la kujaribia."

"Nipe nusu saa yangu. Ulinipa, usininyang'anye."

Mkuu akamtazama Mama Kofia, na Mama Kofia akatazama pembeni, akakaa kwenye kiti cha mbele na kukumbatia mkoba wake. Kimya chake mkuu akakichukua kuwa ruhusa.

"Haya. Akinywa dawa kwenye somo lako, tutaendelea kila mwezi, na wewe ndiye utakayefundisha. Asipokunywa, mimi namkimbiza hospitali kwa gari langu, na hili somo halitajwi tena humu."

Ilikuwa saa mbili na nusu. Somo alilolikariri wiki mbili lilikuwa halifai kitu, na mtaalamu na suti yake alikuwa mbali. Kiherehere akaenda chumba cha kufulia kwa sababu huko ndiko akili yake ilikotulia. Mama Pasi alikuwa anapanga sare za walinzi. Koti moja halikuwa na lebo. Akaligeuza, akatazama kola, akatazama mfukoni, akaliweka rafu ya bluu.

Kiherehere akasimama akiitazama ile rafu. Kisha akaanza kurukaruka.

"Unabanwa na haja?" Mama Pasi akauliza.

"Nipe kitambaa cha lebo. Na uzi. Na uniazime rafu."

"Rafu imepigiliwa misumari."

"Basi nitawaleta watu kwenye rafu."

Alishona kama mtu anayefukuzwa. Juu ya kitambaa alitarizi kofia, kofia ya sufu yenye kishada. Mpango ulikuwa rahisi, na kadiri alivyouwaza ndivyo sindano ilivyozidi kwenda mbio: Mama Kofia atatoa chupa ya dawa, yeye ataifunga lebo shingoni, Kofia ataona alama yake, atakunywa, na kila mtu atakwenda kunywa chai.

Saa nne wageni wote, pamoja na shangazi, waliombwa waache viti na kuja kusimama katikati ya mashine na vikapu. Nesi aliingia wa mwisho akihema, begi la dawa begani. Kiherehere alisimama mbele ya meza ya kukunjia. Akajikaza kisabuni, akainua koti jeupe lenye kijiko.

"Hili la nani?"

"La mpishi," wenzake wakajibu kwa pamoja, maana jambo hili walilijua kuliko wageni wote.

"Linakwenda wapi?"

"Kikapu cha mpishi."

Akainua koti lisilo na lebo. "Na hili?"

"Rafu ya kuuliza."

"Kwa nini lisiende kwa mpishi? Si jeupe? Si zuri?"

"Hatukisii," wakasema, na Mama Pasi, aliyekuwa ameegemea mlango, akakohoa kidogo.

Ndipo Kiherehere akatoa vitu vyake vingine mkobani. Chupa ya bia, tupu. "Kofia, hii kwako?" Kofia akanyoosha mkono. "Hapana. Inagombana na dawa yangu." Sigara ya kusokotwa: hapana, chumba kizima. Chupa ya soda iliyokwisha kufunguliwa, na ndani mna kitu. Hapo wakasita.

"Nani kafungua?" akauliza Kiherehere.

"Hatujui."

"Ndani mna nini?"

"Hatujui."

Akaenda akaiweka kwenye rafu ya bluu, kando ya koti. Watu wakaguna kwa kuelewa, na ule mguno ulimpanda kichwani akaona chumba kizima kinang'aa.

Dada Redio, msichana aliyejua habari zote kabla hazijatokea, akainua mkono. "Na kama anayenipa ni rafiki yangu?"

Swali hilo halikuwemo kwenye kompyuta ya mtaalamu. Kiherehere akafikiri. Walimpa muda, kwani pale kila mtu alizoea kumsubiri mwenzake.

"Mwambie asubiri ukaulize," akasema. "Mpishi mkuu alisubiri siku mbili. Rafiki atasubiri. Wale wa kibandani hawakutaka Kofia aende kuuliza."

Kofia aliinamisha kichwa, kisha akakitikisa kukubali.

"Sasa kidonge," Kiherehere akasema. "Tulisema kidonge chochote ni hapana. Tulikosea. Mimi nilikosea. Kidonge ni kama koti. Kina jina lako, dawa yako, unakunywa. Hakina jina lako, rafu ya kuuliza." Akageuka, lebo imekunjwa kiganjani, uso unacheka wote. "Mama Kofia, naomba dawa ya Kofia."

Mama Kofia akafungua mkoba. Akatoa kikopo cha pipi, cha bati, chenye picha ya machungwa. Akakitikisa. Vidonge vikalia ndani.

"Chupa iko wapi?" Kiherehere akauliza polepole.

"Chupa kubwa, inajaza mkoba. Mimi huvitia humu. Ni dawa yake hiyohiyo."

Kofia alikisogelea kikopo, akakigeuza chini juu, akatazama kifuniko, akatazama ubavuni. Kisha akakichukua kutoka mkononi mwa mama yake, kwa adabu zote, akakipeleka kwenye rafu ya bluu akakiweka karibu na soda.

"Mnaona?" Mama Kofia akasema. "Mnaona wenyewe? Ni saa nne na nusu."

Mkuu akavua miwani. Wageni wakaanza kunong'ona. Kiherehere alikuwa na lebo mkononi, kofia ya sufu yenye kishada, imetariziwa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kushona. Ingemchukua sekunde tatu. Angeifunga kwenye kikopo, Kofia angeona alama yake, angekunywa, na somo lingekuwa lake mwaka mzima. Wote walimtazama. Alimtazama Mama Pasi, na Mama Pasi hakumsaidia hata kwa nyusi.

Lakini hakujua mna nini ndani ya kile kikopo. Huo ndio ulikuwa ukweli, na ulimuuma.

"Siwezi kuweka lebo," akasema. "Mimi pia sijui. Kofia amepatia. Kiko kwenye rafu ya kuuliza, basi tuulize." Akageuka. "Nesi, vidonge hivi ni vya nani?"

Nesi akashusha begi. Akavimwaga vidonge kwenye kitambaa cheupe mezani, akainama. Vyote vilikuwa vyeupe, vyote mviringo. Akaanza kuvitenga kwa ncha ya kidole, hiki huku, hiki kule.

"Hivi vyenye mstari katikati ni vya kifafa," akasema. "Hivi vilaini si vya Kofia. Mama, hivi umevitoa wapi?"

Mama Kofia akaja mezani taratibu. "Hivyo ni vyangu. Vya usingizi. Jirani alinigawia vyake, mimi silali." Akatazama kikopo. "Nilivitia humo ili nisibebe vikopo viwili. Mimi navijua, huwa nachagua."

"Jumatatu ile," Kofia akasema. "Nililala."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mama Kofia alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Alimtazama mwanawe, yule waliyekuwa wakimtania kwa kuoa mto.

"Nilikugombeza kwa uvivu," akamwambia. "Mwanangu, nilikugombeza."

Nesi hakumlaumu. Alifungua begi lake akatoa chupa mpya ya mwezi, imefungwa bado, na jina la Kofia ubavuni. Kiherehere akaipokea.

"Una hakika ni yake?"

"Nimeiandika kwa mkono wangu na kuifunga mwenyewe."

Hapo ndipo alipoifunga lebo. Uzi ulizunguka shingo ya chupa mara mbili, na fundo akalikaza kwa meno. Kofia akaichukua, akatazama kile kishada kilichotariziwa, akapapasa kishada cha kichwani mwake kulinganisha.

"Yangu," akasema.

Nesi akampa kimoja na glasi ya maji. Kofia akakinywa, akafungua mdomo wazi kila mtu aone. Dada Redio alianza makofi, wakafuata wote. Hata Mama Pasi alipiga, mara mbili, akaacha. Mkuu alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena, akasema mwezi ujao ni tarehe kama ya leo. Kiherehere alikuwa akirukaruka mahali pamoja, mikono mdomoni, na hotuba ya kufungia aliyoikariri wiki mbili ilikuwa imemtoka kichwani yote.

Ndipo akaona mkono uko juu. Wenzake walikuwa wameshaanza kwenda kwenye chai, lakini Mama Kofia alikuwa bado amesimama mezani, vile vidonge vilaini vimo katika kiganja chake cha kushoto, na mkono wa kulia ameuinua juu kabisa, kama wanavyoinua pale wanaotaka zamu.

"Mwalimu," akasema. "Mimi nina swali."

Kiherehere akamtazama shangazi, na shangazi akageuza uso haraka akitafuta leso. Kiherehere akanyoosha blauzi yake, akaelekeza mkono kwenye rafu ya bluu.

"Viweke pale kwanza, mama," akasema. "Halafu uliza."